Punda, kondoo na mbwa kwenye ekari mbili: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Arusha

Ukipanda kutoka Ngaramtoni kuelekea Olmotonyi, au ukizunguka Kisongo na Kiranyi, utakuta maboma mengi yenye mchanganyiko uleule: punda mmoja au wawili wa kubeba maji na majani, kondoo wachache, na mbwa wa ulinzi. Wengi hawakupanga kuwa nao wote. Wamejikuta nao tu. Na ushauri wa ufugaji nao huja kwa mnyama mmoja mmoja, mara wa kondoo, mara wa mbwa, punda akisahaulika kabisa. Kwenye eneo dogo mambo hayaendi hivyo. Chakula cha mmoja huliwa na mwenzake, dawa ya mmoja humdhuru mwingine, na kichwa cha kondoo aliyekufa kinaweza kurudi kuua kondoo wengine kwa kupitia tumbo la mbwa. Mwongozo huu unafuata njia hizo.

Wapo wanaoulizia farasi wadogo badala ya punda. Kama una hela ya daktari na unataka kupanda kwa starehe, sawa. Ila jua kwamba ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi, huua farasi wengi wanaoupata, ilhali punda huupata na kupona, mara nyingi bila hata kuonyesha dalili. Kwa mkulima wa kawaida nashauri punda, bila kusita.

Hatua ya 1: Hesabu majani kabla ya kwenda mnadani

Ekari mbili haziwalishi wanyama hawa mwaka mzima, na anayekwambia zinawalisha huenda anauza kondoo. Chukua kundi la kuanzia: kondoo jike wanane na dume mmoja, punda wawili, mbwa wawili. Kondoo wa kilo 35 hula kama kilo 1.2 ya chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo tisa wanahitaji karibu kilo 11. Punda wa kilo 130 hutosheka na kilo mbili hadi mbili na nusu. Jumla ni kilo 16 kwa siku. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi vuli inyeshe ni kama siku 120, yaani karibu tani mbili. Ukichukulia robota moja la nyasi kavu kuwa kilo 15, hayo ni marobota 130 hivi. Toa mabua ya mahindi utakayovuna mwenyewe na majani tembo uliyopanda kwenye makinga maji. Kinachobaki ndicho cha kununua. Nunua mara tu masika yanapoisha na nyasi zimekatwa kwa wingi. Anayesubiri Septemba hununua kwa bei ya mwenye shida.

Weka akiba juu ya kichanja, chini ya bati, mbali na ukuta unaovuja. Mabua na mahindi yenye ukungu yasifike kabisa kwa punda. Sumu ya baadhi ya ukungu wa mahindi huharibu ubongo wake, na akianza kuyumba na kugonga ukuta kwa kichwa, huwa umechelewa.

Pumba na mashudu ya alizeti ni ya kondoo mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha, kwa kiasi. Punda asiyefanya kazi nzito hahitaji pumba. Mwili wake umezoea majani magumu. Ukimnenepesha, kwato zinapata joto na maumivu, na siku akigoma kula mafuta yanajaa kwenye damu na kumuua. Yule punda mwenye shingo nene iliyolala upande mmoja anayesifiwa na majirani ni mgonjwa anayesubiri siku yake.

Hatua ya 2: Banda na maji

Kondoo jike anahitaji mita moja hadi moja na nusu za mraba. Sakafu ikae juu kidogo upande wa mlango wa nyuma ili mkojo utiririke, na upande unaopokea upepo wa Meru uzibwe mpaka kimo cha kondoo. Juu paache hewa ipite. Punda naye anataka paa. Watu humwacha nje wakidhani ni mgumu, lakini manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Mvua ya Aprili humlowanisha hadi ngozini, na ile baridi ya Julai yenye ukungu wa asubuhi humkamata mapafu.

Uzio wa minyaa au miba unatosha kwa kondoo. Kwa mbwa hautoshi, na hilo tutalirudia.

Kwa siku kundi hili hunywa kama lita 70, yaani dumu tatu na nusu, na zaidi wakati wa jua kali. Punda ana kiburi cha maji: akikuta chombo kina kinyesi cha kuku au utelezi wa kijani, anaweza kushinda na kiu. Sugua ndoo kila siku. Maji ya visima na mito mingi ya upande huu wa Meru yana floraidi nyingi, ndiyo maana hata sisi watu meno yetu yana rangi ya kahawia. Mifugo nayo hupata madhara ya meno na mifupa. Weka mfereji kwenye bati na tenki la kukingia mvua, hata kama ni dogo.

Hatua ya 3: Kununua

Kwa kondoo, chagua wale wekundu wa Kimasai, au chotara wao na Dorper. Dorper safi ananenepa haraka na kupendeza machoni, lakini minyoo ya masika humshinda. Kondoo wa Kimasai anajulikana duniani kote kwa kustahimili minyoo inayonyonya damu tumboni. Mfugaji asiye na daktari jirani hahitaji sifa kubwa kuliko hiyo.

Pale mnadani, kabla ya bei, vuta kope ya chini ya jicho kwa kidole gumba. Ndani pawe pekundu. Pakiwa na rangi ya waridi hafifu, ana minyoo; pakiwa peupe kama karatasi, ana siku chache. Pitisha mkono chini ya taya: uvimbe laini wa maji ni dalili ya hayohayo. Fungua mdomo. Jozi moja ya meno makubwa mbele ni umri wa mwaka mmoja na miezi, jozi nne ni miaka minne hivi. Kisha mwachie atembee. Kondoo anayezunguka upande mmoja au kuinamisha kichwa, muache hata kwa nusu bei.

Kwa punda, toa matandiko yote na uangalie mgongo na mabega. Nywele nyeupe zilizoota kwa vipande zinaonyesha palipokuwa na vidonda vya mizigo. Vipande viwili vitatu ni historia. Mgongo mzima mweupe ni mnyama aliyeteswa, na atakuogopa kwa miezi. Inua miguu yote minne. Asiyekubali kuinua mguu leo hatakubali nyumbani.

Usinunue punda bila barua ya serikali ya kijiji anakotoka na kibali cha kusafirisha. Biashara ya ngozi ilifanya wizi wa punda uwe janga Afrika nzima, hadi Umoja wa Afrika ukapitisha zuio la miaka 15 la kuwachinja kwa ajili ya ngozi, Februari 2024. Wezi hawasomi maazimio. Ukikutwa na punda wa mtu, maelezo utayatolea kituoni.

Nunua punda wawili. Mmoja peke yake hupoteza hamu ya kula na kulia usiku kucha, na majirani watakuja kukuuliza.

Wageni wote wakae mbali na wenyeji kwa wiki tatu, wapewe dawa ya minyoo siku ya kwanza. Kondoo wapate chanjo ya sotoka ya kondoo na mbuzi, ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka 2008 huku kaskazini na haujatoka. Chanjo yake hukinga kwa takriban miaka mitatu. Muulize afisa mifugo wa kata kuhusu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Juni 2025.

Hatua ya 4: Kuwazoesha pamoja

Mtoto wa mbwa aje akiwa na wiki saba au nane, na alale zizini, upande wa pili wa ubao, akisikia na kunusa kondoo. Ukimlea jikoni na watoto atakuwa mbwa wa watoto, na kondoo atawaona kama mchezo wa kukimbizana. Akianza kumrukia mwanakondoo mkemee palepale. Mbwa mkubwa aliyewahi kuua kondoo hafundishiki; tafuta nyumba isiyo na mifugo.

Punda kwa asili hawapendi mbwa, ndiyo sababu huwafukuza mbwa koko na hata kumkabili fisi mmoja. Kwa hiyo mbwa wako na punda waonane kwanza kupitia uzio kwa wiki mbili, huku wote wakila. Punda dume asiyehasiwa asilale na kondoo kabisa. Humng'ata mwanakondoo shingoni na kumtikisa. Jike, au dume aliyehasiwa, ndiye mlinzi.

Hatua ya 5: Siku ilivyo

Saa kumi na mbili asubuhi usianze na chakula. Simama mlangoni utazame. Nani hakuinuka? Nani masikio yamelala? Mgonjwa hujificha ukishamwaga majani, kwa sababu wote wanasogea pamoja. Hesabu vichwa. Kisha maji, kisha zoa kinyesi.

Mbwa waliozunguka usiku wafungiwe sasa, kabla ya watoto kwenda shule.

Kondoo wasitoke mpaka umande ukauke, saa tatu au saa nne wakati wa mvua. Viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani yenye unyevu, na jua huvirudisha chini. Hii peke yake itakupunguzia chupa za dawa. Gawa malisho vipande vinne kwa kamba au seng'enge, kondoo wapite mbele, punda wafuate wiki inayofuata. Karibu minyoo yote ya kondoo haiwezi kuishi ndani ya punda, hivyo punda akila yale majani anaimeza na kuimaliza.

Saa kumi na moja jioni warudi, hesabu tena, angalia kwato. Mbwa wale baada ya kondoo kuingia, kila mmoja na bakuli lake: ugali wa dona na dagaa, au maharage yaliyoiva vizuri yenye mchuzi wa mifupa. Wakishiba wanalinda, wenye njaa wanakwenda kwa jirani. Saa mbili usiku wafunguliwe, na geti liwe limefungwa.

Hatua ya 6: Punda kazini

Ule msemo wa punda afe mzigo wa bwana ufike ulitungwa na mtu ambaye hakununua punda mwenyewe.

Punda wa kilo 130 hadi 150 abebe kilo 50 mgongoni, matandiko yakiwemo. Dumu la maji ni kilo 20. Piga hesabu: dumu mbili ndio mzigo wake, moja kila upande, zikilingana. Dumu nne unazoziona kila asubuhi barabarani ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake. Na kama una safari nyingi, tafuta mkokoteni. Magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha, punda huvuta zaidi kuliko anavyobeba, na mgongo unasalimika.

Nira ya ng'ombe usimvike. Ng'ombe husukuma kwa bega na nundu. Punda husukuma kwa kifua, kwa hiyo anahitaji mkanda mpana kifuani na mwingine nyuma ya mapaja wa kuzuia mkokoteni kwenye mteremko. Mkanda uwe wa turubai au wa mpira wa ndani wa tairi uliofunikwa kwa gunia safi. Kamba za nailoni hukata ngozi. Chini ya matandiko weka blanketi nene, na uache mfereji katikati, uti wa mgongo usiguswe na kitu.

Ukishatoa mzigo, pitisha kiganja mgongoni polepole. Sehemu yenye joto au iliyovimba kidogo ndiyo kidonda cha kesho. Mpumzishe hadi ipoe, hata kama ni siku tatu, na wakati huo maji yaletwe na mkokoteni wa kukodi. Kidonda kikishafunguka utampumzisha mwezi. Kumtwisha punda mwenye kidonda ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, achilia mbali kwamba ni ukatili.

Chokonoa kwato kila siku, kutoka kisigino kwenda mbele, na zikatwe kila baada ya wiki sita hadi nane. Msumari ukiingia, mwite daktari siku hiyohiyo kwa sindano ya pepopunda. Punda na farasi wako katika hatari kubwa ya ugonjwa huo kuliko kondoo au mbwa.

Hatua ya 7: Kichwa cha kondoo

Hapa ndipo pa kukaa. Kuna ugonjwa ambao Wamasai huuita ormilo: kondoo anajitenga, anazunguka upande mmoja, anasimama akikodolea ukuta, jicho moja halioni. Wengine husema ni kurogwa au jua. Ukipasua fuvu unakuta kifuko cha maji, wakati mwingine kikubwa kama yai, kimekaa ndani ya ubongo.

Kifuko hicho ni mtoto wa tegu. Tegu mzima anaishi kwenye utumbo wa mbwa, naye anatupa mayai pamoja na kinyesi. Kondoo anakula majani yenye mayai. Mayai yanaanguliwa na kusafiri hadi kwenye ubongo, na kukua kwa miezi. Kondoo anachinjwa au anakufa, kichwa kinatupwa nyuma ya nyumba, mbwa anakipasua. Mzunguko umekamilika, kwa msaada wetu sisi wenyewe.

Kwa kondoo mgonjwa hakuna tiba ya maana kijijini. Mchinje mapema, afisa mifugo aikague nyama. Kazi iko kwa mbwa. Kichwa chochote cha kondoo au mbuzi kisichopikwa kikaiva kabisa kichomwe, au kifukiwe kina kirefu na mawe juu. Maini na mapafu yenye malengelenge yafuate njia hiyohiyo, maana yana tegu mwingine anayeweza kumwingia binadamu. Kondo la nyuma lifukiwe. Mbwa wapewe dawa yenye prazikwanteli kila baada ya wiki sita hadi nane kama kuna machinjio au buchari karibu, vinginevyo kila miezi mitatu, na wafungiwe siku mbili kinyesi chao kikusanywe na kuchomwa.

Uzio wa mbwa sasa unaeleweka. Mbwa wa jirani akiingia kujisaidia kwenye malisho yako, dawa ya wa kwako haisaidii. Mfuate jirani kwa heshima: "Mama, naomba tuwape mbwa wetu dawa siku moja, vidonge nanunua mimi." Vidonge viwili ni rahisi kuliko kondoo mmoja.

Hatua ya 8: Kabati la dawa

Soma kiambato, usisome picha ya ng'ombe iliyo kwenye chupa.

Dawa ya kupe yenye amitrazi usimwogeshe punda. Husimamisha utumbo wake. Tumia yenye alfasaipemethrini au deltamethrini kwa vipimo vya lebo, na paka wa nyumbani asiwasogelee mpaka wakauke. Chakula cha kuku usikiache wazi: vingi vina dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga, kama monensini, na kiasi kidogo huua moyo wa punda. Madini ya kulamba ya ng'ombe yana shaba, ambayo hujikusanya kwenye ini la kondoo mpaka siku anapokojoa mkojo mweusi na kufa. Nunua jiwe lililoandikwa kondoo.

Aivamektini ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Kondoo wa kilo 35 anatakiwa kupata miligramu 7, yaani mililita 0.7. Ukimdunga mbwa mdogo mililita nzima kwa ajili ya upele, umempa mara kadhaa ya kipimo hicho kwa kila kilo ya uzito wake, na baadhi ya mbwa hupofuka, hutetemeka na kufa. Albendazo usiwape kondoo walio katika mwezi wa kwanza wa mimba. Usiwadunge wote kila mwezi. Kagua kope kila wiki mbili wakati wa mvua, tibu wenye rangi hafifu, andika tarehe kwenye daftari, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu aking'atwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali, hata kama mbwa ni wa kwenu.

Hatua ya 9: Kuzaa

Mimba ya kondoo ni siku 150 hivi. Ingiza dume katikati ya Juni, wazae Novemba nyasi za vuli zikichipua. Miezi mingine atengwe, au afungwe kipande cha ngozi tumboni kama Wamasai wanavyofanya. Mbadilishe kila miaka miwili, asije akapanda mabinti zake.

Mwanakondoo apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa sita, kitovu kichovywe kwenye iodini. Mama akimkataa, mfunge mama kwenye kona na umnyonyeshe mtoto kwa nguvu mara nne kwa siku. Mbwa wakae mbali siku hiyo.

Hatua ya 10: Lini upige simu mara moja

Punda anayejiviringisha, kutoka jasho na kukataa kula: tumbo. Kondoo aliyevimba ubavu wa kushoto baada ya majani mabichi: mpe mafuta ya kula kikombe cha chai huku ukipiga simu. Mnyama yeyote, hata punda, anayetoa mate mengi na kushindwa kumeza: usiingize mkono mdomoni kutafuta mfupa. Kichaa humpata kila mnyama.

Na ukikuta kondoo amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, usimchune, usimpasue, usimgawe. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Afukiwe mita mbili kwenda chini, au achomwe, afisa mifugo akisimamia. Kabla hata hujatoa simu mfukoni, funga mbwa.